Mrushaji wa Bi Irma

Mji wetu wa Wexley si mkubwa, na karibu kila aliyesoma shule ya msingi ya pale alikula chakula cha mkono wa Irma Hudak. Alikuwa mpishi wa shule mpaka magoti yalipomgomea. Alipostaafu aliendelea kutuamrisha sisi watu wazima kama alivyotuamrisha tukiwa kwenye foleni ya chakula: vaa kofia, punguza sukari, mpigie dada yako simu. Mumewe, Emil, alikuwa fundi wa kiwanda cha chuma. Walioana wakiwa vijana, wakatamani mtoto, mtoto hakuja. Kiwanda kilifungwa, na haukupita muda mrefu Emil naye akaanguka uani huku mashine ya kukata majani ikinguruma peke yake. Mimi, Orrin, dereva wa basi la shule, ndiye niliyeruka uzio kwenda kuizima. Tangu siku hiyo Bi Irma akawa kama mtu wa nyumbani kwangu.

Wexley tuna uwanja mdogo wa besiboli. Timu kubwa ya Cleveland huwaleta pale vijana wake wakomae kabla ya kupandishwa, na kwa kuwa vijana hao hawana uwezo wa kupanga nyumba, familia za mji huwapokea. Kiangazi kilichofuata baada ya msiba wa Emil, Bi Irma aliomba apewe mmoja. Akaletewa Eudys Montero, mrushaji, yaani yule anayemrushia mpigaji mpira, kutoka Baní, Jamhuri ya Dominika, kijana mrefu ambaye ilimbidi ainame kupita mlango wa jikoni. Kiingereza chake kilikuwa maneno ya kuokoteza.

Siku za kwanza zilikuwa ngumu. Bi Irma alimpikia vyakula vya kwao Waslovakia, kabichi zilizoviringishwa na nyama ndani yake, viazi, supu ya uyoga. Kijana alikuwa akila vijiko viwili, anashukuru, anapanda chumbani. Siku moja Bi Irma alirudi kutoka kanisani akamkuta amekaa sakafuni jikoni, simu sikioni, analia. Alikuwa akiongea na mama yake. Bi Irma alimnyang'anya simu. Mama yule aliitwa Altagracia, na hakujua neno la Kiingereza, na Bi Irma hakujua neno la Kihispania, lakini Eudys alituambia baadaye kwamba wanawake wale waliongea mpaka yeye akaacha kulia akaanza kucheka. Kesho yake Bi Irma alimwita Rita Figueroa, muuguzi wa mtaani kwetu ambaye wazazi wake walitoka Puerto Rico, amfundishe kupika wali na maharage inavyopaswa.

Eudys alikaa pale viangazi viwili. Alimwita Doña Irma, yaani Bi Irma kwa Kihispania, kisha siku moja akamwita mama, kwa bahati mbaya, mbele yetu sote, akaona haya. Bi Irma aligeuka akaanza kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Kisha Eudys akapandishwa Cleveland, akawa yule ambaye nchi nzima ilimjua. Akisimama pale kwenye tuta lake la kurushia, mpira ulikuwa ukimpita mpigaji kabla hajaamua la kufanya. Miaka ya mwanzo alikuwa akimpigia Bi Irma simu kila Jumapili. Alimtumia tiketi. Aliwahi kusema kwenye televisheni kwamba ana mama wa pili huko Wexley, na wiki ile Bi Irma aliingia dukani kwa Tibor akiwa amepaka rangi ya midomo.

Baada ya hapo simu zilipungua, kisha zikakoma. Bi Irma hakumwambia mtu. Sisi tuliendelea kudhani zinaendelea, naye alituacha tudhani.

Kisha ukafika mwaka ambao mkataba wa Eudys na Cleveland uliisha, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akawa huru kwenda timu yoyote anayoitaka. Msimu ulipofungwa, majani yalipoanguka, hatukuwa na mazungumzo mengine: atabaki, au atakwenda Los Angeles, waliokuwa wakimtaka? Sisi tulikutana kila asubuhi dukani kwa Tibor Lakatos, duka la donati lililo karibu na ofisi ya posta. Alikuwapo Tibor mwenyewe nyuma ya kaunta, Dwayne Stokely aliyekuwa mpeleka barua, Rita akitoka zamu, mimi, na Bi Irma kwenye kiti cha karibu na kipasha joto.

"Anaondoka," alisema Dwayne. "Andikeni popote mnapotaka. Mtu akianza kuwashukuru mashabiki huku machozi yanamtoka, huyo keshafunga mabegi."

"Wewe hata harusini unauliza watu wataachana lini," alisema Tibor.

"Na huwa nakosea?"

Rita alicheka. "Mkewe kamwandikisha mtoto shule huko huko Cleveland. Binamu yangu kamwona."

"Kwani Los Angeles hawana shule?"

"Sikilizeni mimi," Tibor alisema, akaegemea kaunta kama mtu anayetoa siri ya serikali. "Kanunua mashine ya kusukuma theluji. Kubwa. Nani anahamia Los Angeles na mashine ya theluji?"

"Nani kakwambia?"

"Nimesikia tu."

"Kwa nani?"

"Kwa mtu."

"Huyo mtu ni wewe, Tibor. Unajisikia mwenyewe ukiongea."

Hapo Rita akageuka. "Tunagombana bure na mwenyewe tunaye hapa. Bi Irma, mwanao anasemaje?"

Wote tulimtazama. Nimeufikiria mara nyingi ule mtazamo wetu. Tulikuwa watu wanne wenye njaa, na yeye ndiye aliyeshika chakula. Alikunywa kahawa yake, akaweka kikombe chini.

"Alinipigia Jumapili," alisema. "Anasema amepazoea hapa."

Tibor alipiga kaunta kwa kiganja. Bi Irma alitabasamu, na kwa kweli sijawahi kuona uso wake ukinawiri vile tangu Emil yupo.

Kuanzia hapo tukawa tunamngoja. Kila Jumatatu alikuwa na neno jipya. Eudys kasema mkewe anapenda majirani. Eudys kasema joto la Los Angeles litamharibia ngozi mtoto. Eudys kacheka alipoambiwa habari za mashine ya theluji. Watu ambao hawakuwahi kukanyaga duka lile walianza kuja, wanaagiza donati moja, wanakaa karibu na kipasha joto. Mtangazaji wa redio yetu ya mji alisema hewani kwamba "mtu wa karibu sana na mrushaji" ana uhakika haondoki. Dwayne, aliyekuwa ameapa kutotoa hata senti, alikwenda akanunua tiketi za msimu mzima, yake na ya kaka yake mgonjwa wa figo, ili wapate kumwona Eudys pamoja kaka angali hai.

"Bi Irma," alimwambia, "umenitoa kwenye dhambi ya kukata tamaa."

"Usinisingizie," alijibu. Niliona kwamba hakumtazama usoni.

Ilikuwa Desemba mwanzoni, barabara zina barafu, ndipo mambo yalipoharibika. Asubuhi ile duka lilijaa. Mtu mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni alisema redio za Cleveland zinadai Eudys ameonekana uwanja wa ndege wa Los Angeles. Watu wakaanza kunung'unika. Bi Irma alipaza sauti, ile ya jikoni shuleni.

"Haendi kokote! Kaniambia mwenyewe. Mama yake anakuja kutoka Baní majira ya kuchipua, anakuja kukaa naye kabisa. Wanamtengenezea chumba. Mtu anamtengenezea mama yake chumba halafu ahame?"

Watu walishusha pumzi. Tibor akasema, "Mnaona?" Lakini mimi nilikuwa nimekaa ubavuni mwa Rita, nikaona donati yake imesimama njiani kati ya sahani na mdomo. Alikuwa akimtazama Bi Irma kwa huruma ambayo sikuielewa. Aliirudisha donati, akavaa koti.

"Orrin," aliniambia, "una gari? Tumrudishe Bi Irma nyumbani, chini kunateleza."

Niliposimamisha gari mbele ya nyumba, Rita, aliyekaa nyuma, alimshika Bi Irma bega.

"Usishuke kwanza. Bi Irma, mama yake Eudys alifariki."

"Lini? Leo?"

"Miaka miwili iliyopita. Mimi husikiliza redio ya Kihispania. Walitangaza mazishi, alikwenda Baní kumzika, akakosa mchezo mmoja. Nilidhani unajua. Nilidhani mmelia pamoja kwenye simu, ndiyo maana sikukuuliza."

Nilizima injini. Theluji ndogo ilikuwa ikianguka kwenye kioo. Nilingoja Bi Irma aone aibu, kwa maana sasa sote watatu tulijua kwamba hakukuwa na simu za Jumapili, wala chumba, wala lolote. Lakini hakuwaza aibu hata kidogo.

"Altagracia," alisema. "Altagracia kafa, na mimi sikumpigia kijana kumpa pole." Akaweka mikono yake mikubwa usoni. "Miaka miwili, Rita! Atakuwa alikaa akingoja nimpigie. Nilikuwa nimekasirika hapigi simu. Nilijiambia, kama yeye hapigi nami sipigi. Kumbe ana msiba."

Tulimwingiza ndani. Rita alimpikia chai, haikunywewa.

Kesho yake nilidhani hatatoka. Alitoka. Aliingia dukani na koti lake la kanisani, hakukaa, akasubiri watu wanyamaze.

"Eudys hanipigii simu," alisema. "Hajanipigia muda mrefu. Yote niliyowaambia nimeyatunga mwenyewe. Mama yake ni marehemu. Sijui kama anakaa au anaondoka, sijui zaidi yenu."

Hakuna aliyejua aangalie wapi. Kisha Dwayne akasimama.

"Nimemwambia kaka yangu," alisema taratibu, na ingekuwa afadhali angepiga kelele. "Mtu yuko kwenye mashine ya kusafisha damu, nimemwambia jipe moyo, majira ya kuchipua tunakwenda kumwona Eudys. Nikamwambia nina uhakika, kanihakikishia mama yake wa pili."

"Nisamehe, Dwayne."

"Ulikuwa unapata nini, Bi Irma? Hebu niambie. Donati ya bure?"

"Dwayne, basi," alisema Tibor.

"Mlikuwa mnanitazama," alisema Bi Irma. Aligeuka akatoka, na mimi nikamfuata ili asianguke kwenye barafu.

Haikupita wiki, habari ikatoka: Eudys Montero amesaini Los Angeles, kwa pesa ambazo mdomo wa mtu wa Wexley hauwezi kuzitamka bila kucheka. Watu walichukia, na kwa kuwa Eudys alikuwa mbali, walimchukia aliye karibu. Redioni mtu alipiga simu akaigiza sauti ya kikongwe, "Alinipigia Jumapili," na mtangazaji akacheka. Kwenye duka la sabuni na mikate, wanawake aliowalisha wakiwa watoto walimpita kama hawamwoni. Bi Irma akaacha kutoka. Taa ya jikoni yake niliiona ikiwaka, ndiyo iliyoniambia kwamba yupo.

Kabla ya Krismasi alituita mimi na Rita. Alikuwa na namba moja ya Eudys, ya zamani. Hakujua kama bado inafanya kazi. Alitaka Rita amfundishe kutoa pole kwa Kihispania.

"Mwambie kwa Kiingereza, anakijua siku hizi," alisema Rita.

"Mama yake hakukijua."

Walikaa mezani alasiri nzima. Rita anatamka, Bi Irma anarudia, anakosea, anarudia tena, kama mtoto anayefundishwa sala. Hatimaye alipiga. Simu haikupokelewa, ikatoa mlio wa kuacha ujumbe. Bi Irma alisimama wima akasema maneno yake ya Kihispania, polepole, bila kuruka hata moja. Kisha akasahau kwamba amemaliza, akaendelea kwa Kiingereza chake.

"Eudys, ni mimi. Nimechelewa kusikia habari za mama yako. Nilikuwa nampenda, ingawa hatukuelewana neno. Huko unakokwenda vaa kofia, jua ni kali. Si lazima unipigie."

Akakata. Hakugusia timu.

Theluji ya Januari ilikuwa nyingi. Asubuhi moja nilisikia koleo likikwaruza mbele ya nyumba yake, nikatoka kwa kuwa kumfukulia theluji huwa ni kazi yangu, nikamkuta Dwayne amevaa buti za posta, anafukua njia. Bi Irma alifungua mlango.

"Kaka yako hajambo?" aliuliza.

"Hali yake ni ile ile. Anakusalimu. Anasema hata hivyo ulimpa Novemba nzuri." Dwayne aliendelea kufukua. "Mimi bado nimekukasirikia, usije ukadhani."

"Kasirika ndani, utaganda."

Aliingia, akala kabichi sahani mbili. Walinena kidogo sana. Lakini wiki iliyofuata Bi Irma alirudi dukani, na Tibor alikuwa ameacha kiti chake wazi muda wote ule, akiweka juu yake boksi la leso za karatasi ili mtu asikae.

Simu yenyewe ilikuja Februari. Mimi nilikuwa chini ya sinki lake, natengeneza bomba linalovuja. Bi Irma alipokea, kisha sikusikia kitu. Nilichungulia nikaona amekaa sakafuni, mgongo kwenye kabati. Kwa muda mrefu hakusema ila "ndiyo" na "najua". Niliisikia sauti ya mwanamume upande wa pili ikikatika katika. Baadaye aliniambia: Eudys alisema alishindwa kumpigia baada ya mazishi, kwa sababu akisikia sauti yake atamsikia na mama yake, wale wawili wakipigiana kelele kwenye simu siku ile, na angevunjika asiweze kurusha. Kila mwezi uliopita ukaongeza aibu. Aliahidi kwamba Julai, Los Angeles watakapokuja kucheza Cleveland, atafika Wexley.

"Atakuja?" nilimuuliza.

"Sijui, Orrin. Mimi sisemi tena anachosema Eudys." Akacheka, akajifuta macho kwa aproni. Lakini wiki ile alianza kupaka rangi chumba cha juu.

Alifariki Mei, usingizini, chumba kikiwa kimebaki ukuta mmoja. Kanisa lilijaa. Waliokuja ni pamoja na wale waliompita dukani bila kumsalimu, nami nilipeana nao mikono kwa kuwa ndivyo inavyopaswa. Shada la maua meupe lilitoka Los Angeles. Eudys mwenyewe alikuwa na mchezo.

Julai alikuja, kama alivyoahidi. Alikuja na gari la kukodi, peke yake, akagonga kwangu kwa sababu nyumba ya Bi Irma ilikuwa na kibao cha kuuzwa. Alikuwa amenenepa mabega na ndevu zake zilikuwa na mvi mbili tatu. Nilimpeleka makaburini. Bi Irma amelazwa kando ya Emil, na mtu alikuwa amepanda maua mekundu pale. Najua ni Rita. Eudys alivua kofia akapiga magoti, akasema maneno ya kwao. Aliposimama aliniuliza:

"Ule msimu wa baridi niliposaini, alikuwa anasema nini juu yangu?"

Hakuna aliyemwambia. Mkoani kwetu kila mtu alijua, yeye hakujua. Nilifikiri kumweleza, nikaona nitamtwisha mzigo aende nao njia nzima.

"Alisema umepazoea hapa," nilijibu.

Aliitikia kwa kichwa. "Nilipazoea," alisema, akalia wazi wazi, bila kujificha, kama alivyolia zamani kwenye sakafu ya jikoni.

Hakutaka kupita dukani kwa Tibor, na sikumlazimisha. Nadhani aliogopa tutakavyomtazama. Kesho yake alirusha dhidi ya Cleveland mbele ya uwanja uliomzomea tangu alipotoka mpaka alipoketi, na Cleveland hawakupata kitu. Dwayne alikuwa uwanjani na tiketi zake. Kaka yake alikuwa hospitali, kwa hiyo kiti cha pili alikaa Rita. Waliporudi niliwauliza ilikuwaje.

"Alirusha vizuri mno," alisema Dwayne, akaomba kahawa.

Nyumba ilinunuliwa mwezi wa tisa na mke na mume wenye mapacha. Ni watu wazuri. Chumba cha juu walikimalizia rangi, lakini hawakupata ile aliyochagua Bi Irma, kwa hiyo ukuta mmoja umekuwa tofauti kidogo na mingine, na wanasema watakipaka chote upya wakipata nafasi.